Sura ya Nne: Marehemu Aliishi Vipi?

Swali la kwanza analopewa mwanafunzi wa sheria katika somo la mirathi huonekana rahisi kuliko yote yatakayofuata. Mtu amefariki. Ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Wazazi wake walishatangulia. Benki kuna shilingi milioni 24, hakuna deni, hakuna wosia. Kila mmoja apate ngapi? Nusu ya darasa huwa imeshafungua kikokotoo kwenye simu kabla swali halijaisha kusomwa.

Na nusu hiyo ndiyo inayokosa, kwa kuwa swali halina jibu. Halijasema marehemu alikuwa nani.

Akiwa Mwislamu aliyeishi katika dini yake, mkewe ana thumuni, yaani milioni 3. Zile 21 zinazobaki wanagawana watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke: kaka 14, dada 7. Akiwa mtu ambaye mirathi yake inaangukia kwenye Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, mke anapata theluthi na watoto wanagawana theluthi mbili sawa kwa sawa, hivyo kila mmoja kati ya hao watatu anaondoka na milioni 8. Akiwa ni wa kabila linalofuata ukoo wa baba na aliishi kimila, mjane hahesabiwi miongoni mwa warithi. Urithi wake ni kutunzwa na wanawe kama alivyowatunza. Mtoto wa kiume anakaa daraja la kwanza. Binti anakaa la tatu, na la nne halipo.

Fedha zilezile, familia ileile, wilaya hiyohiyo. Mjane anaweza kutoka na milioni 8, milioni 3, au mikono mitupu, na hakuna hakimu aliyekosea hesabu. Hii ndiyo hali ya Tanzania Bara, ambako sheria tatu za mirathi zinaishi nyumba moja tangu enzi za ukoloni. Kenya ilijaribu kuzifunga zote katika kitabu kimoja: Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilitungwa mwaka 1972 lakini haikuanza kutumika mpaka tarehe 1 Julai 1981, na hata hivyo baadaye Waislamu walitolewa katika sehemu kubwa ya masharti yake. Zanzibar ina mahakama za kadhi, na ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mirathi ya Waislamu. Bara, kila shauri linaanza na swali la sheria gani itumike, na swali hilo hujibiwa kwa kuchunguza maisha ya mtu ambaye hayupo tena kujieleza.

Kipimo chenyewe kimekaa katika mafaili ya Mahakama Kuu kwa zaidi ya nusu karne. Katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi la mwaka 1969, mahakama iliangalia jinsi marehemu alivyoishi, ikaona kwamba alikuwa amejitenga na ukoo na mila zake kiasi kwamba haikuwa haki kugawa mali yake kimila baada ya kufa. Tangu hapo mawakili wameshindana kwa ushahidi wa aina ambayo haipatikani katika kesi nyingine yoyote. Alikuwa anakwenda kijijini mara ngapi? Alichangia misiba ya ukoo? Alitoa mahari kimila au alifunga ndoa kanisani tu? Watoto waliitwa majina ya nani? Shangazi mmoja anayekumbuka tambiko la mwaka fulani anaweza kuwa na uzito kuliko rundo la hati za benki.

Ng'ambo ya mpaka, kipimo hichohicho kiliwahi kupandishwa kizimbani mbele ya nchi nzima, kikashindwa. Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa kesi za jinai Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986 bila wosia wa maandishi. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulimtaka Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Upande wa mjane ulijenga hoja juu ya mwenendo wa maisha: huyu alikuwa mtu wa mjini, alimpenda Shakespeare, alitazama Perry Mason kwenye televisheni, watoto wake hawakulelewa kimila. Mahakama ya Rufani, Mei 1987, haikushawishika. Ilisema Mwafrika raia wa Kenya hawezi kujivua kabila la baba yake. Mwili ukazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, miezi mitano baada ya kifo. Shauri lilihusu maziko, halikuhusu mali, lakini mwalimu wa mirathi hawezi kuliruka. Mahakama Kuu ya Tanzania mwaka 1969 na Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 1987 ziliulizwa karibu jambo moja, zikatoa majibu yanayopeana mgongo. Na aliyekuwa jenezani alikuwa wakili, mtu ambaye karatasi moja yenye saini yake ingewapa majaji kitu cha kuanzia.

Mwanafunzi anayeuliza sheria ya India ilifikaje Dar es Salaam huwa ameuliza jambo la maana. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hawakuanza kuandika sheria upya. Mwaka 1920 waliagiza kwa mkupuo sheria kadhaa zilizokuwa zikitumika India, na hiyo ya urithi ya 1865 ikiwa mojawapo. India yenyewe iliifuta na kuandika nyingine mwaka 1925. Tanganyika ilibaki na ile ya zamani, ikapata uhuru nayo, ikaungana na Zanzibar nayo. Kwa hiyo mwanafunzi wa karne ya 21 anakariri vifungu ambavyo mwenzake wa Mumbai anavijua kama historia. Lililo gumu zaidi kulikubali ni kwamba, kwa upande wa mjane na binti, kikongwe hicho cha India ndicho chenye huruma kuliko sheria iliyoandikwa na wananchi wenyewe baada ya uhuru.

Mkondo huo wa sheria kutoka Bara Hindi uliifikia pia pwani, na huko haukuwa na huruma. Kwa muda mrefu Waislamu wa Mombasa, Lamu na Unguja walikuwa wakiweka nyumba na mashamba wakfu kwa ajili ya watoto na wajukuu wao, na mwishoni kabisa, kizazi kikikatika, kwa ajili ya maskini au msikiti. Mwaka 1894, katika shauri lililotoka Bengal, Baraza la Falme (Privy Council) lililoketi London lilisema wakfu wa namna hiyo si sadaka ya kweli, ni njia ya kuifungia mali ndani ya familia, kwa hiyo ni batili. India ilitunga sheria ya kuurekebisha uamuzi huo mwaka 1913. Afrika Mashariki haikutunga wakati huo. Mwaka 1952 ripoti za London zikachapisha shauri la familia ya Bakhshuwen kutoka Mombasa, na Baraza lilikuwa limefuata msimamo uleule wa Bengal, ingawa Kenya ilikuwa ndiyo kwanza imepitisha sheria mpya ya wakfu ya mwaka 1951 yenye mwelekeo tofauti. Mzee wa Mji wa Kale aliyeandikisha nyumba yake kwa maneno aliyoyapata kwa kadhi wake alikuwa akihukumiwa na watu ambao hawakuwahi kuuona mlango wake, kwa kufuata jambo lililotokea Bengal kabla yeye hajazaliwa.

Hesabu yenyewe ya Kiislamu, ile wanayoiita faradhi, ndiyo sehemu ambayo darasa huchangamka. Mafungu yake yametajwa: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Kila mrithi ana lake kulingana na nani mwingine yupo. Tatizo ni kwamba familia hazifi kwa mpangilio wa sehemu. Chukua mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke thumuni. Mabinti theluthi mbili kwa pamoja. Baba sudusi, mama sudusi. Ukizileta zote katika ishirini na nne, unapata 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Mafungu yamezidi mali.

Masimulizi ya wanazuoni yanasema swali hili aliulizwa Sayyidna Ali akiwa juu ya mimbari, akalijibu papo hapo bila kukatiza hotuba: thumuni ya mke imegeuka kuwa tusui, sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana linajulikana kama suala la mimbari. Dawa yake ni kuacha kugawa kwa 24 na kugawa kwa 27, kila mtu akapunguziwa kwa uwiano. Marehemu akiwa ameacha milioni 27, mke anachukua 3, kila binti 8, baba 4, mama 4, na hakuna shilingi iliyobaki. Wanafunzi waliopita madrasa hulimaliza hili wakitabasamu. Wengine hulirudia ubaoni mara kadhaa, na wengi wao hukiri kwamba ni hapa walipoona kwa mara ya kwanza kwamba sheria inaweza kuwa na hesabu iliyonyooka.

Kuhusu wosia, sheria ya Kiislamu inamwachia mtu theluthi moja tu ya mali yake aiusie atakavyo, na hata hiyo hawezi kumwongezea mrithi wake bila warithi wengine kuridhia. Mzee anayemwandikia mwanawe mpendwa nyumba nzima amejisumbua tu.

Upande wa mila una mwandishi, jambo linaloshangaza wengi. Hans Cory alizaliwa Austria, akaja Tanganyika, na hatimaye akawa mtaalamu wa jamii katika serikali ya kikoloni. Alikaa na wazee wa Kihaya, akashirikiana na mwandishi mwenzake, Hartnoll, kuandika kitabu cha sheria za Wahaya kilichotoka mwaka 1945. Akafanya hivyo pia kwa Wasukuma mwaka 1953. Baada ya uhuru serikali ilitaka kuziunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe kitu kimoja chenye kuandikwa, na Cory alikuwa katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1962. Matokeo yake ni Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963. Makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama Waluguru na Wakaguru, yaliachwa nje.

Inafaa kulisoma tangazo hilo ukiwa na swali moja kichwani: walioulizwa walikuwa kina nani? Walikuwa wazee wanaume. Mila ambayo kijijini ilikuwa na nafasi ya kujadiliwa, ambapo baba mdogo mwenye busara angeweza kusema huyu mjane tumwachie shamba, ikageuka kifungu chenye namba. Kikao cha ukoo kinaweza kubadili mawazo kabla jua halijazama. Kifungu chenye namba kinangoja Bunge.

Kifungu cha 20 cha kanuni hizo za urithi kinasema mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia maisha yake tu, hawezi kuiuza, isipokuwa kama hakuna mwanamume katika ukoo. Hicho ndicho kilichosababisha shauri ambalo kila mwanafunzi wa sheria Tanzania analijua kwa jina, Ephrahim dhidi ya Pastory. Mama mmoja wa Kihaya alirithi ardhi kwa wosia halali wa baba yake. Uzee ukamfika, hana wa kumtunza, na Agosti 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Siku iliyofuata, mtoto wa ndugu yake alikuwa mahakamani.

Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha ilibatilisha mauzo na kumwamuru mama arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikamrudishia ushindi. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya, ambaye Februari 1990 aliandika hukumu inayosomeka hadi leo kama imeandikwa na mtu aliyechoka kuvumilia. Tanzania ilikuwa imeingiza Haki za Binadamu katika Katiba mwaka 1984, na Katiba inakataza ubaguzi. Jaji alisema wanawake wauze ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale ya wanaume. Wanafunzi wengi huishia hapo, wakafunga daftari wakiwa wamefurahi. Wasiofunga hukutana na sehemu inayofundisha zaidi: masharti ya wanaume nayo yana kikomo. Mwanamume wa Kihaya akiuza ardhi ya ukoo bila idhini, ndugu wana haki ya kuikomboa kwa kurudisha bei. Kwa hiyo yule aliyeshindwa alipewa miezi sita alipe shilingi 300,000 na kuichukua ardhi, la sivyo iwe ya mnunuzi. Mama alibaki na fedha zake kwa vyovyote vile, na ukoo haukunyimwa mlango wa kurudia.

Ungedhani baada ya 1990 njia ilikuwa nyeupe. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani wote, waliipita wakakuta imefungwa. Waume zao walifariki, ndugu wa waume wakachukua nyumba kwa kufuata kanuni zilezile za 1963, na wajane wakatoka na watoto wao. Walifungua shauri la kikatiba. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua. Kisha ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa kalamu ya jaji na kwamba kufanya hivyo kungefungulia kila kabila mlango wa kupinga kila desturi. Miaka miwili kabla yake Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Bhe, ilikuwa imeufuta urithi wa mzaliwa wa kwanza wa kiume kwa hukumu moja, na makabila ya huko hayakuvurugika.

Wajane walikata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe katika hati ya mahakama ya chini. Tarehe! Kosa ambalo hawakulifanya wao. Wakaenda kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikasema Tanzania imekiuka mkataba, ikataka wajane wafidiwe na sheria zibadilishwe. Uamuzi huo umechapishwa, unasomwa vyuoni, na wanafunzi wameendelea kusoma Tangazo la 1963 kando yake kwenye meza hiyohiyo.

Kenya ililimaliza suala la mabinti kwa njia nyepesi zaidi kuielewa. Katika shauri la Rono dhidi ya Rono, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ilikuwa na ekari 192 na mzee aliyeacha nyumba mbili: katika nyumba ya kwanza kulikuwa na wavulana na wasichana, ya pili ilikuwa na wasichana watupu. Wavulana walidai wapate zaidi kwa kuwa dada zao wataolewa. Mahakama ilisema kuolewa ni jambo ambalo huenda likatokea au lisitokee, na haliwezi kuwa sababu ya kumpunguzia mtu mali ya baba yake.

Kabla ya kugawa, lazima kwanza ijulikane ni nini cha kugawa, na hapa sheria ina shimo ambamo wanawake wengi hutumbukia. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilitamka kwamba kupika, kufua na kulea watoto ni mchango katika mali ya ndoa. Ni hukumu inayotajwa kila siku. Isiyotajwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona ameshatumia vibaya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia. Jambo la mirathi ni hili: kifungu cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kilichotumika kinazungumzia talaka na kutengana. Mume akifa, kifungu kile hakimtaji mjane. Mke aliyeachika anaweza kudai jasho lake kwa kifungu kilicho wazi. Aliyevumilia mpaka mumewe akafia mikononi mwake analazimika kutafuta jaji mwenye moyo wa kulitenga fungu lake kabla mali haijaitwa ya marehemu.

Baada ya yote hayo, mwanafunzi hupelekwa mahakama ya mwanzo kwa mafunzo ya vitendo na kugundua kwamba watu hawaulizi habari za Mwalusanya. Wanauliza fomu. Matanga yameshaanuliwa, ukoo umekaa kikao, umempendekeza mtu, na muhtasari una saini kumi na kitu, nyingine za dole gumba. Sheria haikuuweka muhtasari huo kuwa sharti, lakini jaribu kufika kwa karani bila huo. Kuna hati ya kifo. Kuna Fomu Namba 1 ya kuomba usimamizi. Linatoka tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza, hakimu anatoa Fomu Namba 4 inayomteua msimamizi, na tangu siku hiyo saa inaanza kuhesabu: kwa kanuni za 1971, ndani ya miezi minne msimamizi alete Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni, na Fomu Namba 6, hesabu za jinsi alivyogawa.

Ni Fomu Namba 4 inayovuruga familia nyingi. Mtu anaipokea, anaona jina lake, muhuri wa mahakama na jina la marehemu kwenye karatasi moja, na anatoka nje akiamini amerithi. Anabadilisha hati ya nyumba, anapokea kodi, anamwambia shemeji yake ahame. Kumbe amepewa kazi tu. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anarudi kutoa hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Fomu Namba 5 na 6 ndizo daftari lenyewe, lakini ndizo zisizorudi. Warithi huja kushtuka miaka kadhaa baadaye, kiwanja kimeshauzwa mara mbili, na mnunuzi wa pili ameshajenga ghorofa.

Mtego mwingine uko mlangoni. Mahakama ya mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale tu sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu. Familia ya mhasibu aliyefunga ndoa kanisani na kuishi mjini maisha yake yote hufungua mirathi huko kwa sababu ni karibu na ni nafuu. Mali inagawiwa. Kisha ndugu mmoja asiyeridhika anakwenda juu na kusema marehemu hakuishi kimila, na Mahakama Kuu inaweza kufuta kila kilichofanyika, kwa sababu hakimu hakuwa na mamlaka tangu siku ya kwanza.

Basi si heri kuandika wosia? Ndiyo, ila wosia nao hupimwa kwa sheria ya aliyeuandika. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia za watu. Wosia wa sheria ya India unahitaji mashahidi wawili, na hubatilika mwenyewe akioa au kuolewa baadaye, jambo ambalo mabwana harusi wa ndoa ya pili hawaambiwi na mtu. Kenya nayo ina kanuni kama hiyo. Wosia wa kimila unataka miongoni mwa mashahidi awepo ndugu wa ukoo. Na mtoa wosia wa kimila hawezi kumnyima mtoto urithi kwa kuwa hampendi tu. Sababu zimetajwa, kama vile kuzini na mke wa mtoa wosia, kujaribu kumuua, au kumtelekeza katika njaa na ugonjwa, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea.

Masharti hayo ndiyo yaliyomkuta Reginald Mengi. Mwanzilishi wa kampuni za IPP, mzaliwa wa Machame, mtu aliyekuwa na mawakili wa kutosha kumwandikia chochote, alifariki Dubai Mei 2019. Ulikuwepo wosia wenye tarehe 17 Agosti 2017, uliompa mali mke wake na watoto wao pacha, na kuwaacha nje watoto wake wakubwa. Waliotajwa kuusimamia wakaupeleka Mahakama Kuu Dar es Salaam. Mtoto wake mmoja mkubwa na ndugu wa marehemu wakaupinga.

Mei 2021 Jaji Mlyambina aliubatilisha. Aliangalia afya ya marehemu wakati wosia unaandikwa, baada ya ugonjwa uliokuwa umemdhoofisha. Akaangalia kunyimwa kwa watoto wakubwa bila sababu ya kuridhisha. Akaangalia orodha ya mashahidi, akakuta hakuna ndugu wa ukoo. Bilionea aliyeishi kati ya Dar es Salaam na viwanja vya ndege vya dunia, aliyekuwa akimiliki televisheni na magazeti, alikuwa amepimwa kwa kanuni ya mashahidi iliyotungwa kwa ajili ya mzee wa kijijini. Usimamizi wa mirathi wakakabidhiwa yule mtoto pamoja na yule ndugu, na mjane akaanza kutafuta njia ya kwenda Mahakama ya Rufani.